Mbele ya Mkwe Wangu

Siku hizi natembea kutoka nyumbani mpaka shambani bila kukaa chini njiani. Ni mwendo wa kama saa nzima, na mwaka juzi nisingefika hata nusu yake. Hapa Njinjo na vijiji vya jirani wapo watu wanaomeza dawa zile zile nilizomeza mimi, na wengine wamezikatisha. Kwa ajili yao nimeona niandike yaliyonipata. Mwandiko niliupata kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nisamehewe pale nitakapokosea. Kifua kikuu kinaletwa na nini na kinaishi vipi mwilini, hayo waulizwe waliosomea. Mimi nitasema ya mgonjwa.

Kikohozi kilianza msimu wa korosho, nikadhani ni vumbi la majani makavu. Wakati huo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa kila penye njia panda. Soko huria lilikuwa limeingia, na mtu alinunua vidonge bila kuulizwa anaumwa nini. Nikanunua vile vya rangi mbili. Kikohozi kikatulia siku nne, kikarudi. Nikaanza kutoka jasho usiku hata kanga inalowa. Bangili zangu zikawa zinateleza na kuanguka ninapofua. Mume wangu, ambaye nitamwita Baba Zainabu kama ninavyomwita nyumbani, alihamishia mkeka wake barazani. Alisema ni joto. Joto lilikuwepo kweli, lakini lilikuwepo kila mwaka.

Binti yetu Zainabu ameolewa pwani, wilaya hii hii ya Kilwa, karibu na kituo cha afya ambacho sitakitaja. Alipopata habari akanitumia ujumbe niende kwake nikapimwe. Nilisita. Kwetu mama mkwe hakai nyumba moja na mume wa binti yake hivi hivi. Hatupeani mikono, hatuli pamoja. Nikimwona anakuja njiani mimi hupinda pembeni, naye hunisalimia kwa mbali huku anatazama chini. Maneno yetu hupitia kwa Zainabu. Hiyo si chuki. Ndivyo tunavyoheshimiana, na kadiri mnavyopendana ndivyo mnavyochunga zaidi.

Athumani, mkwe wangu, ni seremala. Nilipofika nilikuta ametoboa ukuta wa nyuma wa chumba nilichopewa na kuweka mlango mpya, ili niingie na kutoka bila kupita sebuleni kwake. Hakusema lolote, na mimi sikumshukuru kwa mdomo. Nilimwambia Zainabu mlango ni mzuri, nikajua atamfikishia.

Kituoni kulikuwa na mabenchi mawili. La mbele lilikuwa la homa, watoto na wajawazito. La nyuma, lililoegemea ukuta, lilikuwa la watu wa kifua, na aliyekaa pale alijulikana hata kabla hajafungua mdomo. Nilipewa vikopo vitatu vya makohozi na nikaambiwa nikakohoe kule nyuma ya choo. Siku ya majibu muuguzi aliniita kwa kutoa kichwa dirishani. "Wewe mama wa Njinjo! Umeonekana una TB. Kesho saa mbili uje kuanza sindano." Wanawake wa benchi la mbele wakavuta watoto wao karibu.

Muuguzi huyo alikuwa anaitwa Sista Perpetua. Alitoka mikoa ya mbali, alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi au zaidi, na wala hakuwa mvivu. Alifika kabla ya wote na kuondoka wa mwisho. Ila alisema kama mtu anayehesabu magunia. Shikamoo sikuisikia kwake hata siku moja katika majuma yale matano.

Dawa ilikuwa hivi: sindano kila siku kwa miezi miwili, pamoja na vidonge vya kumeza mbele ya muuguzi, halafu miezi sita ya vidonge peke yake. Siku ya pili nilikojoa mkojo mwekundu. Nikakaa chooni muda mrefu nikifikiri natokwa damu na kwamba sasa ndio mwisho. Hakuna aliyenieleza kwamba ni rangi ya dawa. Nilikuja kuambiwa na mgonjwa mwenzangu kwenye benchi, mzee mmoja aliyekuwa anamaliza. Ninyi mnaoanza mlijue hilo mapema: mkojo mwekundu ni dawa, si damu. Masikio nayo yatavuma. Matako yatauma hata kukaa kwenye benchi iwe kazi, na mtaona watu wa kifua wote wamekaa upande upande. Kisha njaa itarudi. Mimi ilirudi juma la nne, nikala muhogo wa nazi sahani mbili, Zainabu akacheka mpaka akashika tumbo lake la ujauzito.

Juma la tano Zainabu alizidiwa na miguu kuvimba, hakuweza kutembea. Mimi bado nilikuwa nayumba njiani. Ikabidi Athumani anisindikize. Alitangulia hatua kama kumi, nami nikafuata. Nikisimama kupumua, naye anasimama bila kugeuka. Tulifika hivyo. Yeye akabaki mlangoni pa baraza, mimi nikaenda dirishani.

Sikukuu zilikuwa zinakaribia na kituo kingefungwa siku tatu, kwa hiyo tulipewa vidonge vya kumezea nyumbani.

"Nani anakaa na wewe?" Sista Perpetua aliniuliza.

Nilikuwa bado nafikiri nijibu nini alipomwona Athumani mlangoni.

"Wewe kijana, umekuja na huyu mama? Ni nani wako?"

"Ni mkwe wangu," Athumani akajibu.

"Vizuri sana. Njoo hapa. Hizi ni za siku tatu. Umwone kwa macho yako anameza. Na mkojo wake uuangalie. Ukiwa mwekundu, amemeza. Ukiwa mweupe, anatudanganya. Tukifungua uje uniambie."

Watu wa mabenchi yote mawili waligeuka kututazama. Kisha mama mmoja wa benchi la mbele akakohoa, na hakikuwa kikohozi cha ugonjwa.

Athumani alipokea bahasha ya vidonge kwa mikono miwili, maana ndivyo alivyolelewa. Akaiweka tena pale kwenye ukingo wa dirisha, taratibu, akatoka. Nikaichukua mimi. Njiani safari hii hakusimama. Alikwenda mpaka nikampoteza kwenye kona ya sokoni.

Siku tatu zile sikumwona kabisa. Aliondoka kabla ya alfajiri na kula kwa kaka yake. Zainabu aliniuliza, "Mama, kuna nini kati yenu?" Nikasema hakuna. Alimwuliza mumewe, naye akasema hakuna. Ni jambo ambalo mimi nisingeweza kulitamka kwa mwanangu, na yeye asingeweza kulitamka kwa mkewe, na aliyelitamka alikuwa amekwenda zake sikukuu. Siku ya nne nilifunga kifurushi changu nikapanda basi kurudi Njinjo.

"Dawa zimekwisha?" Baba Zainabu akauliza.

"Zimekwisha," nikasema.

Ramadhani ikaingia nikafunga yote. Nilikuwa na nguvu za majuma matano ya sindano, na watu wakaniambia nimenawiri. Tukapanda ufuta. Zainabu akajifungua mtoto wa kike, nikaletewa habari, nikasema nitakwenda mvua zikipungua.

Kabla mvua hazijakolea alikuja mwanamke mmoja kutoka mjini, akiongozwa na mwenyekiti wa kitongoji. Aliitwa Neema. Alikuwa na sauti ya chini na mkoba uliojaa fomu. Akaeleza kwamba wauguzi wa wilaya wanaandaliwa semina ya namna ya kuishi vizuri na wagonjwa wa huku, wenye mila na desturi zao. Kabla ya semina inabidi wajue hali ikoje, na baada yake wapime kama kuna kilichobadilika. Kwa hiyo anawatembelea walioacha dawa.

Alikuwa amelifungua daftari magotini. Mimi nasoma hata maandishi yaliyopinduka, kisomo kilinipa hiyo. Mbele ya jina langu liliandikwa kwa wino mwekundu neno MTORO.

"Mama, sababu gani ilikufanya uache?" Akanisomea. Umbali. Nauli. Kazi za shamba. Dawa kunisumbua. Kila moja ilikuwa na kisanduku chake.

Mwenyekiti alikuwa amekaa pale anatafuna karanga. Baba Zainabu alikuwa amekaa pale.

"Umbali," nikasema.

Neema akatia alama ya vema, akashukuru, akaenda nyumba nyingine.

Walipopotea, Baba Zainabu alinitazama. "Umbali gani? Kutoka kwa Zainabu mpaka kituoni, maji ya chai hayajachemka umeshafika. Na uliniambia dawa zimekwisha."

Nikamwambia. Nilimgeuzia mgongo, nikasema kwa Kimatumbi, lugha yetu ya nyumbani, kwa sababu kwa Kiswahili ningekuwa kama nayarudia maneno ya lile dirisha.  Kisha akauliza, "Athumani alikuwepo, anasikia?"

"Ndiye aliyeambiwa."

"Sasa utakufa kwa sababu ya mkojo?"

"Wewe ungerudi pale?"

 Siku mbili hatukusemeshana ila kwa mambo ya chakula.

Masika ilipokolea nikatema damu. Nilikuwa napalilia ufuta, nikahisi chumvi mdomoni, nikaona majani mbele yangu yamekuwa mekundu. Safari hii haikuwa dawa. Barabara ilikuwa tope tupu, magari hayapiti. Tulingoja karibu majuma matatu. Naukumbuka muda huo kwa vitu vidogo: uji alionikorogea Baba Zainabu, mzito kupita kiasi, na mkeka wake aliourudisha ndani. Hakusema kwa nini ameurudisha. Mvua ilipokatika siku mbili tatu, alinipakia kwenye baiskeli, akanifunga kiunoni kwa kanga ili nisianguke, akanisukuma mpaka barabarani tukapata lori la mbao.

Sikwenda kwa Zainabu. Tulipanga chumba. Kesho yake tukaenda kituoni, nami nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimetunga hata majibu.

Sista Perpetua akatoka nje ya mlango wake mpaka kwenye benchi.

"Shikamoo, mama."

Nilichelewa kuitikia. Nilifikiri anamsalimia mtu mwingine. "Marahaba," nikasema.

Akanipeleka chumba cha ndani, akavuta pazia, akaketi kabla hajaniuliza kitu. Upande wa ndani wa mlango wa kabati palikuwa pamebandikwa karatasi ya ile semina yenye maswali, na niliona macho yake yakienda pale na kurudi.

"Kabla hatujaanza, mama. Yupo mtu wa nyumbani au wa ukoo ambaye hungependa asikie habari za ugonjwa wako?"

"Yupo."

"Ni nani?"

"Mkwe wangu."

Akaandika. Kalamu ikasimama katikati ya neno. Akainua uso akanitazama kwa muda, nami nikamtazama. Nikajua amekumbuka.  Alimalizia kuandika, akauliza nani basi angenisimamia, nikasema mume wangu yuko nje. Akamwita, akamweleza yote mbele yangu, pamoja na habari ya mkojo, kwa sauti ambayo haikuvuka pazia.

Nasema ukweli, sikuamini. Niliona ni somo alilokariri, nikasema litafutika kama chokaa ikinyeshewa. Kuna siku alikuja mtu wa mradi ule wa semina, aliko Neema, akakaa kwenye pembe ya baraza na karatasi, akitia alama kila muuguzi anaposalimia. Siku hiyo tulisalimiwa sana. Hata mtoto wa miaka minne aliamkiwa shikamoo. Yule mtu alipoondoka, wapo waliorudi kuita watu dirishani kabla karatasi zake hazijafika mjini. Benchi la nyuma tulikuwa tunawatazama na kucheka kimya kimya. Sisi tulikuwa na kipimo chetu: nani anavuta pazia siku ambayo hakuna anayeandika. Sista Perpetua aliendelea kulivuta. Nilihesabu sindano zangu sitini zote, na hakuna hata moja aliyonichoma pazia likiwa wazi.

Siku ya sindano ya mwisho ufuta ulikuwa umeshakatwa huko nyumbani. Baba Zainabu alikuwa anakwenda na kurudi. Sista Perpetua akafunga daftari, akasema, "Mama, naomba kwenda kwa mkwe wako nimwombe radhi. Nimeogopa kwenda bila kukuuliza."

 "Usimwambie unaomba radhi ya nini," nikasema. "Anajua. Ukilitaja utakuwa umelisema mara ya pili."

Alikwenda. Zainabu alinihadithia baadaye kwamba muuguzi mmoja alifika uwanjani, akamkuta Athumani anapiga randa, akasema, "Kaka, nilikukosea. Naomba unisamehe," basi. Athumani akasimamisha randa, akasema, "Nimesikia, sista," akaendelea na kazi. Zainabu mpaka leo hajui ni kosa gani. Nilikwenda kumwona mjukuu wangu siku hiyo hiyo. Athumani alinisalimia kwa mbali, akachukua msumeno wake akatoka. Ndivyo anavyofanya kila nikienda. Kama anatoka kwa heshima ya zamani au kwa kukumbuka, sijui, na hakuna mtu ninayeweza kumtuma akaulize.

Miezi sita ya vidonge niliimalizia Njinjo. Kila mwezi nilifuata dawa kituoni, na kila mwezi nilipanda mizani, mshale ukawa unasogea. Msimu wa korosho ukaja, nikaokota bila kukohoa. Ramadhani ilipokaribia Sista Perpetua aliniuliza mwenyewe, bila kutazama kabatini, kama nina nia ya kufunga. Nikamwambia mgonjwa ameruhusiwa kulipa baadaye, nitalipa. Akasema hakulijua hilo vizuri, akaniomba nimwelezee, nikamwelezea. Vidonge vikaisha baada ya Idi. Vikopo vitatu vya mwisho vilitoka safi. Akanionyesha daftari: neno MTORO limekatwa kwa mstari, pembeni pameandikwa AMEPONA.

Siku hiyo akaniomba jambo. Kulikuwa na semina nyingine Mitwero, kule ukingoni mwa mji wa Lindi, ya wauguzi wa vituo vingine. Walitaka mgonjwa aseme mwenyewe. Niliuliza kama wakwe zangu wowote watakuwepo, nikaambiwa hapana. Nikaenda.

Ukumbini walikuwepo watu kama thelathini, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na kalamu mpya. Neema alikuwa wa kwanza kusema. Alisoma matokeo: watoro wamepungua, salamu zimeongezeka. Halafu akasoma sababu za watu kuacha dawa, na iliyoongoza ilikuwa umbali. Akasema kwa ajili hiyo mradi umeombewa baiskeli.

Zamu yangu ilipofika niliwasimulia kama nilivyosimulia hapa, kwa maneno machache zaidi. Nilipofika kwenye mkojo, watu wa mbele walicheka. Muuguzi mmoja wa kiume akanyoosha mkono.

"Mama, samahani, lakini haya ni mambo ya mila. Mtu anaacha dawa, anataka kufa, kwa neno moja tu? Na huyo muuguzi alikuwa anafanya kazi yake."

Kabla sijafungua mdomo Sista Perpetua alisimama. Nilikuwa sijamtaja jina.

"Muuguzi huyo ni mimi," akasema. "Nilikuwa nafanya kazi yangu, ni kweli. Na huyu mama alirudi kwangu anatema damu."

Akakaa.  Nikamgeukia Neema.

"Hiyo alama ya umbali," nikasema, "moja ni yangu, na ni ya uongo. Nilikuwa nakaa karibu kabisa. Naomba uifute."

Neema akapekua karatasi zake, akasema fomu iliyokwisha kujazwa haibadilishwi, hesabu imeshafungwa. Ila fomu ya duru inayofuata ilikuwa bado haijachapwa, na angeweza kuongeza kisanduku. Akaenda ubaoni, ambako sababu zote zilikuwa zimeandikwa kuanzia umbali kwenda chini, akachukua chaki.

"Tukiiteje?"

"Mila," akasema yule wa kiume.

"Aibu," akasema mwingine.

"Si aibu," nikasema. "Mimi sikuuonea aibu ugonjwa wangu, nilikaa kwenye lile benchi kila siku. Na mila haikunizuia kumeza dawa. Sista angeniuliza kwanza nani anisimamie, ningemjibu, na tungekwisha."

"Kwa hiyo niandike nini, mama?"

"Andika: hakuulizwa."

Akaliandika ubaoni, na kwa upande wake akachora kisanduku kitupu.